Ukisafiri, Ifuate Chai Mpaka Jikoni

Ukifika mji mgeni, kikombe cha kwanza cha chai kiagize kama wanavyokunywa wenyeji, halafu kionje kabla hujagusa bakuli la sukari. Ni jambo dogo, lakini wengi wetu hatulifanyi. Tumeinywa chai tangu utotoni, enzi za kuchovya andazi, kwa hiyo tunadhani tunaijua. Tukisafiri tunaulizia chai kama ya nyumbani, na tukiikosa tunalalamika kwamba huko hawajui kupika. Kwa maoni yangu hapo tunapoteza nauli. Chai ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo mtu asiye na fedha nyingi anaweza kuvichunguza popote aendapo. Bei yake ni ndogo, anayeiuza huwa na maneno ya kusema, na nyuma ya kila kikombe kuna shamba, kiwanda, mnada na mpishi. Nataka kueleza namna ya kuvifikia vyote hivyo, kuanzia hapa kwetu Afrika Mashariki, kupitia Muscat, hadi Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wetu wengi huenda kufuata bidhaa na kuondoka bila kujua kwamba walikuwa vituo vichache tu vya treni kutoka soko linalotajwa kuwa kubwa kuliko masoko yote ya chai China.

Kuna jambo la msingi la kulijua kabla ya kufunga mzigo, maana bila hilo utauziwa hadithi. Chai nyeusi, chai ya kijani, chai nyeupe, wulong na pu'er zote ni za mmea mmoja, Camellia sinensis. Kinachozitofautisha ni kile kinachofanyika jani likishachumwa. Jani likinyaushwa, likapondwa na kuachwa lipate hewa, huchachuka na kugeuka rangi ya shaba. Likikaushwa hapo, hiyo ndiyo chai nyeusi. Likipashwa moto mapema, kabla ya kuchachuka, hubaki kijani. Likiachwa lichachuke kwa kiasi tu, ni wulong. Mchaichai na rosela ni vinywaji vizuri sana, ila ndani yake hamna jani la chai, na muuzaji mkweli atakuambia hivyo.

Chai nyingi ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi ni ya mtindo uitwao CTC. Jani hupitishwa kwenye rola za chuma zenye meno, likasagwa, likachanwa na kuviringwa hadi likawa punje ndogondogo. Mtindo huu ulianzia Assam, India, katika miaka ya 1930. Punje hizo hutoa rangi na ukali kwa dakika chache, na ndiyo sababu chai yetu huyahimili maziwa mengi bila kuzama. Ya pili ni chai ya othodoksi, ambayo jani huviringwa bila kusagwa. Hiyo hutoka polepole, ina harufu pana zaidi, na maziwa huizima. Ukishaijua tofauti hii moja utaelewa kwa nini Mkenya hupika chai kwenye sufuria na Mchina huimiminia maji kwenye kikombe. Kila mmoja anatendea haki jani alilonalo.

Anzia kibandani. Hoteli kubwa itakupa kifuko cha karatasi na maji ya moto yaliyokwisha kupoa njiani, na hapo hakuna cha kujifunza. Nenda anakokunywa dereva wa basi, fundi na mwalimu kabla ya kuingia kazini. Saa ina maana kubwa kuliko jina la mahali. Chai ya maziwa hupikwa alfajiri na kumiminwa kwenye chupa za chai, na ikikaa humo hadi adhuhuri harufu ya maziwa huwa nzito na ukali wa majani hupanda. Fika kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, sufuria ikiwa bado jikoni, au rudi saa kumi jioni inapopikwa ya pili. Kama umechelewa, agiza isiyo na maziwa. Hiyo hutengenezwa papo hapo.

Namna ya kuagiza hubadilika ukivuka mpaka. Kenya ukisema chai bila kuongeza neno utaletewa ya maziwa, na ukitaka isiyo na maziwa utaiita turungi. Tanzania utaulizwa, ya rangi au ya maziwa? Uganda na Rwanda chai ya maziwa huja na tangawizi ya kutosha, na mara nyingi maziwa ni mengi kuliko maji, kiasi kwamba kikombe kimoja ni staftahi. Mombasa na Lamu iliki ndiyo inayotawala, na chai hiyo hunywewa pamoja na mahamri na mbaazi za nazi. Kuinywa peke yake ni kuikosea, kwa sababu utamu wake umepimwa uendane na nazi na chumvi ya mbaazi. Eastleigh, Nairobi, tafuta chai ya Kisomali, yenye iliki, karafuu, mdalasini na tangawizi kwa pamoja na sukari isiyo haba. Sehemu kadhaa za pwani na kwa Wasomali sukari hupikwa ndani ya chai, kwa hiyo lile shauri langu la kuonja bila sukari uliombe mapema, kabla sufuria haijawekwa motoni. Ikishindikana, kunywa ilivyo. Mpishi anajua anachofanya.

Ukiona watu wamepungua, msogelee aliyepika. Shikamoo mama, au habari za kazi dada, kisha uliza swali moja tu: majani unaweka wakati gani? Swali hili hufungua jiko kuliko kumsifia mtu mapishi yake. Wapo wanaochemsha majani kwenye maji kwanza na kuongeza maziwa baadaye; chai hiyo hutoka na nguvu na rangi ya tofali. Wapo wanaoweka majani kwenye maziwa yanayochemka. Hiyo ni laini zaidi, kwa kuwa maziwa huushika ule ukali unaokaza ulimi. Wapo wanaoponda tangawizi na kuitia mwanzoni, na wengine huitia mwisho kwa hofu ya maziwa kukatika. Hofu yao ni ya haki: tangawizi mbichi hukata maziwa yasipokuwa yamekwisha kuchemka. Andika unachoambiwa, pamoja na kipimo kwa vifaa vyake yeye, iwe kikombe cha bati au kijiko cha mbao, kisha upime mwenyewe baadaye. Mapishi ya namna hii mara nyingi hayajaandikwa, na msafiri anayeyakusanya anarudi na kitu ambacho duka la uwanja wa ndege haliuzi.

Zanzibar inahitaji neno lake. Kisiwani hakulimwi chai, ila viungo vya kuipikia vimejaa, na mgeni hushikwa mkono na kuuziwa kifuko cha unga wa viungo vya chai kabla hajavuka mtaa wa pili. Unga huo huwa umekwisha kupoteza nusu ya harufu yake. Nunua iliki iliyo bado ndani ya ganda, gome la mdalasini na karafuu nzima zenye vichwa, usage mwenyewe siku ya kupika. Na tafadhali, usifunge karafuu pamoja na majani ya chai kwenye mfuko mmoja. Majani ya chai hunyonya harufu ya chochote kilicho jirani, na ndani ya wiki chai nzuri uliyoitoa shambani Mufindi itanuka karafuu peke yake.

Sasa shamba. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kunywa chai miaka arobaini bila kuuona mti wake, ilhali safari ya siku moja au mbili ingetosha. Kenya, chai ilipandwa kwanza Limuru mwaka 1903, na Limuru bado ndiyo njia rahisi kwa aliyeko Nairobi. Shamba la Kiambethu hupokea wageni kwa miadi, huwaonyesha mashamba na kuwapa chakula cha mchana. Kericho ni safari ndefu zaidi na mandhari yake ni makubwa, kijani hadi macho yanapoishia. Tanzania, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, na hadi leo barabara ya kupanda Amani kutoka Muheza hukupitisha katikati ya msitu na chai. Mufindi unaingilia Mafinga, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya. Rungwe ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu barabara ya Mbeya hadi Kyela inapita katikati ya mashamba ya Tukuyu na hata abiria wa basi dogo huona wachumaji wakiwa kazini. Vaa viatu vinavyostahimili tope na beba koti la mvua mwezi wowote, maana chai huota kule kunakonyesha.

Wachumaji hulipwa kwa kilo. Kila dakika unayomsimamisha mtu ili umpige picha ni majani ambayo hayajaingia kikapuni, na kikapu hicho ndicho ada ya shule. Omba ruhusa, na mazungumzo yasubiri kwenye kituo cha kupimia majani, ambako watu husimama foleni na kupata nafasi ya kupumzika. Tazama wanachochuma: majani mawili na chipukizi la juu. Mzani hupima majani mabichi, na huchukua kilo 4 hadi 5 za majani hayo kupata kilo 1 ya chai kavu. Katika maeneo ya wakulima wadogo wa Kenya, kama Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Meru na Kisii, taja bonasi na utapata mazungumzo ya mchana kutwa. Wakulima hao waliunganishwa na mamlaka ya KTDA iliyoanzishwa mwaka 1964. Hupokea malipo ya kila mwezi na nyongeza ya mwisho wa mwaka wa chai, na tofauti ya bonasi kati ya mashariki na magharibi ya Bonde la Ufa ni jambo linalowauma wengi.

Kericho usiishie kwenye uzuri. Sehemu kubwa ya ardhi ya mashamba makubwa ilichukuliwa na serikali ya kikoloni kutoka kwa Wakipsigis na ukoo wa Talai, na mwaka 1934 Watalai walihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Wazee wanaolijua jambo hili wapo, na dai la ardhi halijafa. Vivyo hivyo suala la mashine za kuchuma chai, ambazo huchukua nafasi ya mikono mingi. Mwaka 2023 baadhi yake zilichomwa moto na waandamanaji. Mgeni hana haja ya kuhubiri wala kutoa hukumu, lakini akinywa chai ya mahali bila kujua haya, amekunywa nusu yake.

Kiwandani omba kibali mapema, kwa simu au kwa kufika siku moja kabla. Viwanda vingi havina ratiba ya watalii, na jibu hutegemea meneja wa zamu. Ukikubaliwa, funga nywele, vua pete na bangili, na usijipake manukato. Ingia kwa kufuata njia ya jani: vitanda vya kunyaushia, ambako majani hulazwa yakipulizwa hewa kwa saa nyingi hadi yalegee, kisha rola, kisha mahali pa kuchachushia, ambapo nakushauri usimame muda mrefu kuliko kwingine. Harufu pale hubadilika mbele yako, kutoka majani yaliyokatwa hadi tunda lililoiva, na msimamizi mzoefu huamua kwa pua yake kwamba sasa yapelekwe kwenye kikaushio. Akichelewa, chai huwa butu. Akiwahi, huwa mbichi na chungu.

Mwishoni kuna chumba cha kuonjea. Hapa ndipo utakapojifunza kuonja kwa maisha yako yote. Kipimo cha kimataifa cha kuonjea ni hiki: gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6. Waonjaji huvuta chai kutoka kwenye kijiko kwa sauti kubwa ili hewa iingie pamoja nayo, huizungusha mdomoni, huitema. Fanya hivyo bila haya. Angalia kwanza rangi ikiwa kwenye mwanga, kisha sikiliza ulimi: chai hii inakaza pembeni au katikati? Inakata haraka au inabaki? Kisha geukia majani yaliyobaki kwenye kifuniko. Yakiwa ya rangi ya shaba inayong'aa, kazi ilifanyika vizuri; yakiwa meusi au ya kijanikijani, kuna hatua iliyokosewa.

Kama kiwanda kina duka, herufi za kwenye mifuko zisikutishe. BP1, PF1, PD na D1 zinaonyesha ukubwa wa punje, kutoka kubwa hadi vumbi laini, wala si cheti cha ubora. PF1 ya kiwanda makini huishinda BP1 ya kiwanda kizembe. Kwa chai ya maziwa chukua PF1 au PD. Kwa ya rangi BP1 ni tulivu zaidi. Ukiwa Kenya ulizia pia chai ya zambarau, aina iliyotolewa mwaka 2011 na watafiti wa chai wa Kericho; jani lake lina rangi ileile inayopatikana kwenye zabibu nyeusi. Itengeneze kwa maji yaliyopoa kidogo baada ya kuchemka, bila maziwa, na ukikamulia limau utaona inageuka kuwa ya waridi.

Chai uliyoionja mlimani itakuwa tofauti ukifika nayo pwani, na kosa si la muuzaji. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari, lakini Kericho, takriban mita 2,000 juu, huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Jani lilelile hutoa ukali mwingi zaidi Mombasa. Ukirudi pwani punguza majani au punguza dakika.

Mombasa yenyewe ni lango la chai ya ukanda mzima. Mnada wake wa kila wiki huuza chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Malawi, Kongo na nchi nyingine, na siku hizi zabuni hutolewa kwa mfumo wa kielektroniki, kwa hiyo mpita njia hana cha kutazama. Inatosha kujua kwamba wanunuzi wakubwa ni Pakistan, Misri na Uingereza, kwa sababu ukitua Karachi, Cairo au London unaweza kuwa unakunywa mvua ya Kisii. Waulize huko chai yao inatoka wapi. Wengi wanaoiuza hawajui, na utakuwa umeanzisha mazungumzo.

Muscat ina jambo la kipekee kwa msemaji wa Kiswahili. Familia nyingi za huko zina asili ya Zanzibar, Kiswahili utakisikia sokoni na misikitini, na mandazi ni chakula cha nyumbani. Ukialikwa, kahawa hutangulia pamoja na tende, kwenye finjani ndogo isiyo na mkono. Pokea kwa mkono wa kulia, na ukitosheka tikisa finjani kidogo; usipoitikisa mwenyeji ataendelea kukumiminia, na kumkatalia kwa maneno hakupendezi. Chai ya mitaani ni karak, iliyoletwa na watu wa India na Pakistan na sasa ni ya kila mtu: chai nyeusi kali iliyochemshwa kwa muda pamoja na maziwa ya kopo, sukari na iliki, wakati mwingine zafarani. Watu husimamisha gari mbele ya kibanda, hupiga honi, na kikombe cha karatasi huletwa dirishani. Shuka garini. Ukisimama karibu na jiko utaona mpishi akiichota na kuimimina kutoka juu mara nyingi, na utaelewa povu lake linatoka wapi. Omba sukari kidogo tangu mwanzo. Kisha kaa na wazee wenye asili ya Unguja uwaulize chai ilipikwaje kwao walipokuwa watoto. Hawatakuharakisha.

Guangzhou ndiko ninakotaka msomaji atenge siku nzima. Wengi wetu hufikia mtaa wa Xiaobei, huhangaika na viwanda vya nguo na vipuri, na siku ya mwisho huzunguka madukani bila mpango. Siku hiyo itumie Fangcun, kwenye lile soko nililolitaja mwanzoni, wilaya ya Liwan, upande wa pili wa Mto Pearl. Panda treni ya chini ya ardhi, Line 1, ushuke Fangcun au Huadiwan. Ni mitaa na majengo yenye maduka ya chai kwa maelfu, na karibu kila duka lina meza ya kuonjea.

Adabu yake ni hii. Ingia duka lisilo na wateja wengi, salimu, keti unapoonyeshwa. Muuzaji atatengeneza chai kwenye gaiwan, kikombe chenye kifuniko na kisahani, akitia majani mengi na maji kidogo. Maji ya kwanza huyamwaga. Ni ya kuamsha majani na kuoshea vikombe. Usishangae wala usimzuie. Baada ya hapo huwa anamimina kwa sekunde chache tu, tena na tena, majani yaleyale, na kila mmiminiko una ladha yake. Ule wa tatu au wa nne mara nyingi ndio bora, kwa hiyo usiondoke baada ya kikombe kimoja. Anapokumiminia, gonga meza taratibu kwa vidole viwili. Ni asante ya watu wa Guangdong, na haikati mazungumzo. Kuonja hakulipiwi, lakini heshima inadai ununue walau kidogo kama umekaa muda mrefu na kumfungulisha vifuko kadhaa.

Bei hutajwa kwa jin, ambayo ni gramu 500. Wengine hutaja kwa liang, gramu 50. Usiposikia vizuri utadhani umeonewa au umebahatika, kumbe mmepishana kipimo. Mwambie aandike kwenye kikokotoo bei, na gramu kando yake. Anza na chai za jirani: Fenghuang dancong, wulong ya milima ya Chaozhou iliyo mkoa huohuo wa Guangdong, yenye harufu za maua na matunda ambazo mtu aliyezoea CTC huwa haamini kwamba hakuna kilichoongezwa. Kisha Tieguanyin ya Anxi, Fujian, ambayo huuzwa kwenye vifuko vidogo vilivyonyonywa hewa, rahisi kubeba na rahisi kugawa. Pu'er ya Yunnan hubanwa kuwa keki, mara nyingi ya gramu 357. Kuna mbichi, ambayo huzeeka polepole, na iliyoivishwa kwa mbinu iliyobuniwa mwaka 1973, nyeusi na laini kama udongo wa mvua ya kwanza. Iliyoivishwa itampendeza mtu wetu haraka kuliko mbichi. Ukiambiwa keki ina miaka thelathini, shukuru, onja, usinunue. Bei za pu'er zilipanda kupita akili na kuporomoka mwaka 2007, na biashara ya kuzeesha maandishi ya karatasi haijaisha. Mgeni hawezi kuupima umri wa chai kwa ulimi wa siku moja.

Malipo ni ya simu. Unganisha kadi yako na Alipay kabla hujaondoka nyumbani, na weka noti chache za akiba. Asubuhi ya siku hiyo, kabla ya Fangcun, nenda mkahawa unaouza vitafunio vya mvuke. Swali la kwanza litakuwa chai gani, ndipo chakula. Birika likiisha, acha kifuniko kimekaa upande na mhudumu ataongeza maji bila kuitwa. Muislamu aulize kilichomo kwenye kila kitafunio, maana nguruwe hutumika sana. Au afuate mikahawa yenye maandishi ya Kiarabu mlangoni. Zile dawa chungu za kahawia zinazouzwa mitaani kwa jina la chai baridi ni mitishamba. Kama unatumia dawa za hospitali, usinywe mitishamba hiyo.

Wakati wa kufunga mzigo, chai na ikae mbali na sabuni, ngozi na viungo, ndani ya mfuko usiopitisha hewa, katikati ya nguo. Hakikisha kanuni za forodha za nchi unayoingia. Nyingi huruhusu chai kavu iliyofungwa, lakini majani mabichi na miche usijaribu. Nyumbani iweke gizani, pasipo unyevu. Wulong zenye rangi ya kijani na chai za kijani zitumie ndani ya mwaka, na maji ya chai za kijani yawe ya nyuzi 75 hadi 80. Ya kuchemka huzifanya chungu.

Niwaambie pia wenye upungufu wa damu, hasa kina mama: chai inywewayo pamoja na chakula huuzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde na mboga. Wakati wa safari, chakula kikiwa maharage na sukuma wiki, subirini saa moja hivi ndipo mnywe. Chai haitakimbia.

La mwisho, usisafiri mikono mitupu. Beba pakiti ndogo za chai ya kwenu, gramu 100 hivi kila moja, za aina mbili: CTC ya kupikia maziwa na othodoksi au ya zambarau ya kunywa tupu. Kwenye kila pakiti andika jina la kiwanda, wilaya na mwezi ulioinunua. Mwenyeji wa Muscat mpe CTC pamoja na maelezo ya mama uliyemuuliza majani anaweka wakati gani. Muuzaji wa Fangcun mpe ya zambarau, mwishoni mwa kuonja kwake, na umwombe aitengeneze yeye kwa gaiwan yake. Atainusa kwanza ikiwa kavu, kisha atauliza mti wake unaota kwenye mita ngapi. Uwe na jibu.